Tumbo la uzazi si la kukodisha, lakini wasio na watoto tusiwaache njiani

Ndugu msomaji, leo tuzungumzie jambo ambalo majumbani husemwa kwa kunong'ona: mwanamke kubeba mimba kwa ajili ya familia nyingine, kisha akijifungua amkabidhi mtoto kwa waliomtuma.

Msomaji wa Kayanga, Nkwenda au Kaisho anaweza kusema hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sivyo. Mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya tumbo la mama alizaliwa Uingereza Julai 25, 1978. Mwaka 2004 akazaliwa wa kwanza Uganda, mjini Kampala, na mwaka 2006 wakazaliwa wa kwanza Kenya, jijini Nairobi. Kwa mtu wa Kyerwa, akishavuka mto Kagera pale Murongo akaingia Kikagati, Kampala iko karibu kuliko Dar es Salaam. Na utaalamu ule ule unaotunga mimba ya mke na mume kwenye maabara ndio unaowezesha mimba hiyo kuwekwa katika tumbo la mwanamke mwingine. Ipo siku familia yenye fedha itamfuata binti wa jirani mwenye shida, imwambie: "Tubebee, tutakulipa." Ni bora tuijue hukumu ya jambo hili na madhara yake kabla siku hiyo haijafika.

Dini inasemaje?

Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC) lilikutana Amman, Jordan, Oktoba 1986, likapitia njia saba za kupandikiza mimba. Njia tano liliziharamisha. Katika zote hizo yumo mtu wa tatu: ama mbegu za mwanamume mwingine, ama yai la mwanamke mwingine, ama tumbo la mwanamke mwingine. Njia mbili liliona hazina ubaya inapokuwapo haja, kwa sharti la kuchukua tahadhari zote. Ya kwanza ni mbegu za mume na yai la mkewe kukutanishwa nje, kisha mimba ikarudishwa kwa mke huyo huyo. Ya pili ni mbegu za mume kuwekwa ndani ya mwili wa mkewe kwa msaada wa daktari.

Wapo watakaouliza: je, akibeba mke mwenza? Swali hili wanazuoni walishalipitia. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliruhusu sura hiyo mwaka 1984, na mwaka uliofuata, 1985, likaiondoa ruhusa yake. Sababu yake ni ya kuzingatiwa. Mke mwenza anaweza kushika mimba yake mwenyewe kwa mumewe katika siku zile zile, wakazaliwa mapacha, isijulikane nani mtoto wa nani. Au mimba moja ikaharibika, isijulikane ni ipi iliyobaki. Ikiwa wake wa mume mmoja wamezuiwa, seuze mwanamke wa nje! Ni kweli wapo wanazuoni wa Kishia, hasa nchini Iran, walioruhusu, lakini msimamo wa mabaraza haya mawili uko wazi.

Haki ya mtoto na haki ya aliyembeba

Waislamu tunaambiwa katika Suratul Mujadila, aya ya 2, kuwa mama wa mtu ni yule aliyemzaa. Na katika Suratu Luqman, aya ya 14, tunakumbushwa udhaifu juu ya udhaifu anaoupata mama akibeba mimba. Wahenga nao walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sasa huyu aliyebeba miezi tisa, akajifungua, akaambiwa akabidhi mtoto na kupokea bahasha, yeye ni nani kwa mtoto yule? Na mtoto akikua akataka kuoa, atajuaje ndugu zake ni akina nani?

Majirani zetu wameshaliona tatizo hili mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya mapacha waliobebwa kwa makubaliano ya aina hii. Walipozaliwa, hospitali haikujua iandike jina la mama yupi, na idara ya watoto ikawachukua vichanga wale na kuwapeleka kwenye makao ya watoto. Mahakama ilisema idara ilikosea kuwachukua. Lakini tazama: watoto wa siku chache, wenye watu wazima watatu wanaowataka, wakalala kwenye makao kwa sababu hakuna aliyeweza kujibu swali la mama yao ni nani.

Wala shauku ya kuzaliwa mtoto kupitia tumbo la mwingine haikuanza na maabara. Wakurya wa mkoa wa Mara wana desturi iitwayo nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari msichana ili amzalie watoto wa nyumba yake. Hapo baba aliyezaa hana nafasi. Uislamu unakataa hilo kwa sababu hiyo hiyo: mtoto ana haki ya kumjua baba yake na mama yake.

Na hapa kwetu, mwanamume anayeoa mke wa pili huku moyoni amepanga mtoto atakayezaliwa apewe mke mkubwa, naye ajue anadhulumu. Ndoa ya pili ni halali, lakini mtoto ni wa aliyemzaa. Suratul Baqara, aya ya 233, inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe.

Upo pia upande wa afya. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2024, uligundua kuwa wanawake waliobeba mimba za wengine walipata matatizo makubwa ya uzazi kwa asilimia 7.8, wakati waliopata mimba kwa njia ya kawaida ni asilimia 2.3. Matatizo hayo ni kama kutoka damu nyingi na shinikizo la damu la mimba. Hiyo ni Kanada, yenye damu ya akiba na magari ya wagonjwa. Binti wa kijijini atakayeshawishiwa kwa fedha anaweka rehani uhai wake, na huenda ana watoto wake wanaomtegemea.

Tuanze na vipimo, tena vya wote wawili

Kusema haramu ni rahisi. Kazi ni kumwonyesha mwenye shida mlango wa halali. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba katika maisha yake. Huo ni msiba wa wengi, si laana ya mtu mmoja.

Wanandoa waliokutana kwa kawaida miezi 12 bila kinga na mimba isishike, waende hospitali. Mke akiwa amevuka miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita. Na waende wote wawili. Karibu nusu ya matatizo haya yanamhusu mume, peke yake au pamoja na mkewe. Hata hivyo mara nyingi mke hupelekwa kwa waganga, hutukanwa na mawifi, pengine huachwa, na mume hajapimwa hata siku moja! Kipimo cha mbegu za kiume ni chepesi kuliko vipimo vingi vya mke. Mwanzo mzuri ni hospitali zilizo karibu, kama Nyakahanga na Nyakaiga kwa Karagwe, au Isingiro kwa Kyerwa. Ikihitajika, watakuandikia rufaa kwenda Bukoba au Bugando, Mwanza.

Sababu kubwa ya ugumba katika nchi zetu ni maambukizi yanayoziba mirija ya uzazi: kisonono na klamidia visivyotibiwa, na uchafu unaoingia wakati wa kujifungua au mimba inapoharibika. Kwa hiyo usafi ni sehemu ya kinga. Mwanamke astanji kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma, aoshe nje tu. Kuingiza sabuni, ndimu au dawa za mitishamba ndani ya uke huua vijidudu vinavyolinda na kukaribisha maradhi. Mmoja akikutwa na ugonjwa wa zinaa, watibiwe wote wawili. Na kinga iliyo bora ni kujihifadhi na zinaa.

Kulea na kunyonyesha

Tiba ikishindikana, tukumbuke Suratush Shura, aya ya 49 na 50: Allah humpa amtakaye watoto wa kike, amtakaye wa kiume, na amtakaye humfanya tasa. Bibi Aisha (r.a.), mama wa waumini, hakuzaa. Akaitwa Ummu Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake Asma, na mtoto yule akabaki kuitwa Abdullah bin Zubeir, kwa jina la baba yake. Heshima ya Aisha haikupungua, na nasaba ya mtoto haikuguswa.

Huo ndio mfano wetu. Kulea yatima au mtoto wa ndugu kuna malipo makubwa, ila abaki na jina la baba yake kama Suratul Ahzab, aya ya 5, inavyoelekeza. Taratibu za kisheria zifuatwe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mlezi asisahau kuwa mtoto huyo harithi, bali anaweza kuusiwa hadi theluthi ya mali.

Ili mtoto awe maharimu wa nyumba, upo mlango wa kunyonyesha. Katika madhehebu ya Shafi ni manyonyesho matano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto wa kiume akinyonyeshwa na dada wa mke, mke anakuwa mama yake mdogo au mkubwa wa kunyonya. Wa kike akinyonyeshwa na dada wa mume, mume anakuwa mjomba wake. Lakini anayenyonyesha apime VVU kwanza, kwa kuwa virusi hupita kwenye maziwa. Mkoa wetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mwaka 1983, hauhitaji kufundishwa hilo upya.

Maimamu na masheikh wa Karagwe na Kyerwa, darsa za ndoa zisiishie kwenye haki za mume. Waambieni wanaume wapimwe. Waambieni mawifi na mama wakwe kuwa kumsimanga asiyezaa ni kupinga kadari ya Allah. Yule tunayemkataza kukodi tumbo la mwenzake tusimwache peke yake na machozi yake.

Wallahu a'lam.