Mtoto Kapimwa Shuleni, Nani Atalipa Kodi ya Nyumba?

Mara nyingi katika ukurasa huu tumewahimiza mwende kupimwa. Safari hii tunapenda kumtetea kidogo mzazi anayekataa mtoto wake asipimwe. Watu humwita mjinga. Sisi wauguzi tunajua kwamba mara nyingi amepiga hesabu zake vizuri kabisa.

Tutazame Marekani wakati wa ugonjwa wa korona. Kule wako mamilioni ya Walatino, watu ambao asili yao ni Meksiko na nchi za jirani zinazosema Kihispania. Katika shule za serikali za Los Angeles, wanafunzi karibu watatu kati ya kila wanne ni Walatino. Wazazi wengi ni wapishi, wajenzi, wafagizi, wachuma matunda. Kazi zisizofanyika mtu akiwa nyumbani. Mwezi wa Aprili 2020, katika mtaa wa Mission, San Francisco, walipimwa watu wapatao 4,000. Kati ya waliokutwa na virusi, asilimia 95 walikuwa Walatino, na asilimia 90 walikuwa na kazi za kutoka nje. Watoto nao hawakusalimika. Takwimu za majimbo 14, kuanzia Machi hadi Julai 2020, zilionyesha kwamba watoto wa Kilatino walilazwa karibu mara 8 kuliko watoto wa Kizungu, tukilinganisha idadi sawa.

Basi, kama kuna shule zilizohitaji vipimo, ni hizo. Katika mwaka wa shule wa 2021 hadi 2022, Los Angeles ilipima kila wiki wanafunzi zaidi ya 400,000. Kazi hiyo tunaisifu. Lakini kijiti cha pamba puani ni mwanzo tu. Jibu likisema mtoto anao ugonjwa, mama hubaki nyumbani kumwangalia, na katika kazi za namna hiyo asiyefika halipwi. Mwenye nyumba hangoji.

Tena kulikuwa na woga. Februari 2020 serikali yao ilianza kutumia kanuni kwamba mhamiaji anayetegemea misaada fulani ya serikali aweza kunyimwa ukaazi wa kudumu. Mwezi uliofuata Idara ya Uhamiaji ilitangaza kuwa kupimwa na kutibiwa korona hakutahesabiwa, na Machi 2021 kanuni yenyewe ikaondolewa. Lakini tangazo la ofisi haliendi mbio kama maneno ya sokoni. Mama asiye na karatasi za kuishi nchini, akiletewa fomu inayouliza jina, anwani na simu, ataiweka chini ya godoro. Na huenda fomu imeandikwa Kihispania, ilhali yeye kwao ni Mmixteco au Mzapoteco, na Kihispania chenyewe ni cha kuokoteza. Ninyi mliowahi kumsomea bibi cheti cha hospitali mnaelewa.

Kwa maoni yetu, mpango wa kupima uanze na fedha za mgonjwa kabla ya fedha za vipimo. San Francisco walijaribu hivyo. Kuanzia Julai 2020, mfanyakazi aliyekutwa na korona bila likizo ya malipo aliweza kupewa dola 1,285, sawa na mshahara wa chini wa wiki mbili. Wako watakaosema ni kuwazoesha watu kupewa. Sisi tunasema ni dawa, kama ilivyo dawa nyingine yoyote.

Huko San Diego walipata njia nyingine tunayoipenda kwa sababu haimwulizi mtu jina. Katika baadhi ya shule za mitaa ya watu wa kipato cha chini, walipima maji machafu ya vyoo vya shule. Virusi vikionekana, ndipo wazazi na walimu walipoombwa waje kupimwa.

Na wa kupeleka habari hiyo si lazima awe mtu wa ofisini. Walatino wanao wanawake wanaoitwa promotora, wenyeji wa mtaa waliofundishwa mambo ya afya. Huyo hupiga simu, husema lugha ya nyumbani, na kabla ya kuuliza habari za homa huuliza kama unga upo.