Tumemtua mama ndoo, kuni je?

MLIMA KWA MLIMA
Na Zaina Singano

Kauli ya kumtua mama ndoo kichwani tumeizoea, na siibezi. Tangu wakala wa maji vijijini, RUWASA, uundwe mwaka 2019, maji ya huko yamepata mwenyewe wa kuulizwa. Lakini simama jioni kwenye njia zinazoteremka kutoka Magamba, hapa Lushoto, uone kinachopita vichwani mwa akina mama. Ni kuni, kabichi na viazi. Kwa mizigo hiyo hakuna aliyetunga kauli.

Mizigo hiyo huikalia shingo, lakini wanaotuhubiria habari za shingo siku hizi huzungumzia simu tu. Kuna mchoro unaozunguka mitandaoni: kichwa cha mtu mzima, kilo kama 5, kikiinama nyuzi 60 huilemea shingo kwa kilo 27. Ni hesabu ya daktari mpasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, ya mwaka 2014, iliyofanywa kwa kompyuta bila kupima shingo ya mtu aliye hai. Hoja ya msingi hata hivyo ni ya kweli. Kichwa kikitangulia mabega, misuli ya kisogo hukivuta bila kupumzika. Mabega hukaza, kichwa huuma kuanzia kisogoni, kifua hubanwa na pumzi hufupika. Mwanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama hapa Lushoto anayeinamia vitabu vya sheria usiku kucha hahitaji kuelezwa. Na dawa yake haina gharama: ainuke, ajinyooshe, atembee kidogo.

Mama wa milima hii ya Usambara huwezi kumpa dawa hiyo. Shingo yake imenyooka kuliko ya askari wa gwaride. Akishaweka kata utosini na kutwikwa, kidevu hakiendi mbele wala nyuma, maana kikienda mzigo unakwenda nacho. Wageni wanaopanda Irente humsifia mwendo.

Hata wanasayansi waliwahi kumsifia. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature utafiti wa wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada kuliko mtu anayetembea mikono mitupu. Wengi waliishia kusoma hapo. Kwa mama wa kilo 55, asilimia 20 ni kilo 11 tu. Nioneshe mzigo wa kuni unaoshuka huku wenye kilo 11! Zaidi ya hapo, nguvu inayotumika hupanda kadiri mzigo unavyopanda.

Tena hiyo ni nguvu, bado mifupa. Shingo iliyonyooka huupeleka uzito wote kwenye pingili 7 na sahani laini zilizo kati yake. Picha za eksirei za wabebaji wa mizigo Afrika Magharibi zilionyesha pingili zilizochakaa kuliko za wenzao wasiobeba. Ongeza miteremko yetu, utelezi wa masika na mtoto mgongoni.

Ndiyo maana semina za "mkao sahihi" hazinishawishi. Mkao anao. Kinachomwumiza ni uzito, na umbali kati ya shamba na mahali gari linapofika. Njia ya shamba ikipitika kwa toroli au bodaboda, kabichi zitabebwa navyo. Na waume wa huku, najua nitanuniwa, wanaomtwika mke kisha wakatangulia na panga mkononi, nao wana mabega.

Kuni ni jambo gumu zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Mtungi wa gesi ukiisha mlimani, kuujaza ni fedha, na kuni za kuokota ni shingo tu. Binti aliyekuwa na miaka 10 mkakati ulipozinduliwa atakuwa na 20 muda ukitimia, na leo ameshaanza kutwikwa.