Raba kwanza, rangi baadaye

Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkazi wa Kenya, na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari wakiwa na Datsun 240Z. Nafasi ya pili ilikwenda kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta. Yeye na Lofty Drews walimaliza wakiwa sawa kwa pointi za adhabu na Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa mara ya kwanza. Gari la Herrmann limehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani. Kwa wapenda magari wengi wa Afrika Mashariki, pua ile ndefu na mgongo ule unaoteremka hadi mkiani ndiyo sura ya Safari.

Magari ya aina hiyo yaliyouzwa kwa raia bado yapo, na mengine yamelala chini ya turubai nyuma ya nyumba yakisubiri mtu wa kuyafufua. Akipatikana, mara nyingi hufuata njia iliyozoeleka. Injini inafunguliwa, bodi inanyooshwa, puti inapakwa na kusuguliwa, rangi inapigwa hadi inang'aa. Raba za milango hukumbukwa mwishoni kabisa, mfuko ukiwa umekauka. Fundi anakata vipande vya sponji, anavibandika kwa gundi, na gari linakabidhiwa kwa mwenyewe likiwa tayari kwa picha.

Mpangilio huo ni kichwa chini miguu juu. Raba ni sehemu ya bodi, na fedha zake zinapaswa kutengwa kabla ya zile za rangi. Kwa gari lenye mlango wa nyuma wa kunyanyua, kama 240Z, kuiacha raba iwe jambo la mwisho ni kuhatarisha uhai wa waliomo ndani.

Hatari yenyewe ni moshi.

Gari linapokwenda kasi, hewa hupita juu ya paa na pembeni, kisha huachana na bodi pale mkiani. Nyuma ya gari hubaki eneo lenye mgandamizo mdogo wa hewa, na hewa huzunguka hapo badala ya kuondoka. Bomba la moshi la 240Z linatoa moshi wake katika eneo hilohilo. Sehemu ya moshi huo hurudi na kuugusa mkia wa gari, na pakiwa na upenyo wowote hupenya. Raba ya mlango wa nyuma ikiwa imekauka, imebonyea au imeachana kwenye kona, upenyo upo. Mwingine huwa kwenye raba nyembamba za taa za nyuma, na mwingine kwenye vizibo vya mpira vya matundu ya sakafu ambavyo aliyepiga rangi aling'oa akasahau kurudisha.

Wenye magari haya duniani kote wanaufahamu ugonjwa huu tangu zamani. Magari ya mwanzo yalikuwa na matundu ya kupitisha hewa kwenye mlango wenyewe wa nyuma, palepale moshi unapozunguka, na katika toleo la mwaka 1971 matundu hayo yalihamishiwa kwenye nguzo za pembeni. Hata hivyo, raba iliyozeeka inairudisha shida ileile ndani ya gari lolote la ukoo huo.

Dereva anayesikia harufu ya moshi kwa kawaida hushusha kioo. Inaonekana ni busara, lakini mara nyingi humzidishia balaa. Kioo cha mlango kikiwa wazi, upepo unaopita pembeni hufyonza hewa kutoka ndani, na hewa ya kujaza pengo hilo hutafuta njia ya kuingilia. Njia rahisi huwa ni ule ufa wa nyuma, wenye moshi. Katika moshi huo mna kaboni monoksaidi, na injini ya silinda sita ya lita 2.4 inayolishwa na kabureta mbili, bila kifaa chochote cha kusafisha moshi, huitoa kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, usingizi hushuka. Katika nchi zetu dalili hizo ni rahisi kudhaniwa ni malaria au uchovu wa safari, na dereva akaendelea kukanyaga mafuta kuelekea Mombasa au Morogoro.

Njia inayopitisha moshi ndiyo inayopitisha vumbi. Aliyewahi kuendesha gari lenye mlango wa nyuma mbovu kwenye udongo mwekundu wa Voi anajua kwamba vumbi hujaa nyuma kwanza, ilhali gari linakwenda mbele. Ni mvuto uleule wa hewa. Tofauti ni kwamba vumbi huonekana kwenye kapeti na mtu akalalamika, na moshi hauonekani.

Halafu kuna maji. Watu wengi huamini kwamba raba nzuri huuzuia mlango usiingie maji hata kidogo. Si hivyo. Mvua hupita pembeni mwa kioo na kuingia ndani ya mlango katika gari lolote, jipya au kuukuu, na watengenezaji wanajua. Ndiyo maana chini ya mlango kuna matundu ya kutolea maji, na nyuma ya ubao wa ndani kuna karatasi ya nailoni inayoyaelekeza maji huko chini. Kazi ya raba ni kuzuia maji yasivuke mpaka wa mlango na kuingia kwenye sakafu. Fundi akibandika raba mpya huku matundu yamezibwa na tope, puti au rangi, mlango hugeuka ndoo. Kutu huanza ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na hutokeza nje baada ya misimu michache ikiwa imekula bati lote. Fedha zote za rangi zimekwenda na maji.

Kwa hiyo anayedai kwamba rangi ndiyo inayolinda gari anasema nusu tu ya ukweli. Rangi hulinda upande unaotazamwa. Katika magari ya miaka ya 1970 kutu hupenda sakafu, kingo za chini za milango, shimo la tairi la akiba na ukingo ambapo mlango wa nyuma unafungia. Hizo zote ni sehemu ambazo usalama wake hutegemea raba nzima na matundu yaliyo wazi.

Jambo la pili ambalo gereji nyingi hulipuuza ni aina ya mpira wenyewe. Mpira wa asili, ule unaogemwa mtini, ni laini na unarudi vizuri ukibonyezwa, lakini molekuli zake hushambuliwa na ozoni iliyomo hewani. Ukikaa umevutwa au umepindwa hupata nyufa ndogo ndogo ambazo hukua, na jua la ikweta na joto huuharakisha uzee huo. Ndiyo sababu raba za milango za leo hutengenezwa kwa mpira wa kiwandani uitwao EPDM, ulioanza kuuzwa miaka ya 1960, ambao hustahimili ozoni, jua na mvua kwa miaka mingi. Sponji ya kawaida ya godoro au ya kiti haina sifa hiyo. Hunyonya maji na kuyashikilia kwenye bati, na ikibonyezwa kwa miezi michache hubaki imebonyea.

Hata EPDM ina adui wake, nao ni mafuta ya petroli na jamii yake. Oili, grisi na dizeli huuvimbisha na kuulegeza. Kuipaka raba dizeli ili ing'ae siku ya harusi ni kuiua. Kinachofaa ni maji na sabuni, kisha grisi ya silikoni kidogo, ambayo haitokani na petroli. Lakini silikoni ya kuzibia madirisha ni kitu kingine kabisa. Ile inayonuka siki inapokauka hutoa asidi inayochochea kutu kwenye bati. Gari ambalo nyufa zake zimezibwa kwa silikoni ya aina hiyo limepewa kutu kwa mkono wa fundi.

Kazi inayostahili kuitwa ukarabati huanza kabla ya chumba cha rangi. Bodi ikishanyooshwa na kuchomelewa, milango yote inafungwa mahali pake pamoja na raba mpya, bila gundi. Udongo laini wa kuchezea watoto unabandikwa kwenye ukingo, mlango unafungwa taratibu, kisha unene uliobaki unapimwa. Hapo ndipo fundi anajua raba ya unene gani inahitajika ili ibonyee kiasi, takriban theluthi ya unene wake, bila kuusukuma mlango utoke nje. Bawaba na kitasa vinarekebishwa sasa, bati likiwa halijapakwa kitu. Anayengoja hadi rangi ikauke ndiye anayelazimika kugonga mlango kwa nyundo baadaye na kuipasua rangi mpya.

Rangi ikikauka sawasawa, ukingo unasafishwa, raba inaachwa juani kidogo ilainike, kisha inasukumizwa mahali pake. Haivutwi. Raba iliyovutwa wakati wa kufungwa hujirudi baada ya wiki chache na kuacha pengo, kwa kawaida kwenye kona, pale pale moshi unapopapenda. Inakatwa mwisho kabisa, ikiwa ndefu kidogo, ili ncha mbili zisukumane. Kwenye milango ya pembeni, kiungo hicho kinawekwa chini.

Kuhakiki hakuhitaji mashine. Noti inawekwa kati ya raba na bodi, mlango unafungwa, noti inavutwa. Ikitoka bila ubishi, hapo raba haigusi. Zoezi linarudiwa kila baada ya shubiri moja, mzunguko mzima. Usiku, taa kali ikiwashwa ndani, mwanga utakaopenya nje utaonyesha upenyo. Unga wa chaki ukipakwa kwenye raba utaacha mstari kwenye bati, na mstari uliokatika unasema kila kitu. Fundi asiyekubali majaribio hayo mbele ya mwenye gari asilipwe fedha za mwisho.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa kwa heshima. La kwanza ni bei. Raba za gari la miaka 50 huagizwa kutoka nje, na kwa ushuru na usafirishaji huwa ghali. Ni kweli. Lakini wamiliki wa 240Z ng'ambo walikwishagundua kwamba raba za milango za Kia Sportage za miaka ya 1990 hukaa vizuri kwenye magari yao, na wengi wanazipendelea kuliko zile ngumu zinazouzwa maalumu, ambazo huufanya mlango ugome kufunga. Ugunduzi huo unawafaa sana watu wa huku kwetu. Maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na wenzao wa Dar es Salaam, huuza vifaa vya magari ya kila aina. Mwenye kipande cha raba ya zamani na kipimo cha udongo mkononi ana nafasi ya kupata umbo linalolingana kwa bei anayoimudu. Asiye na kipimo huuziwa chochote kilichopo.

Pingamizi la pili hutoka kwa wapenda uhalisi, wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Hoja yao ina uzito kwenye gari la makumbusho lisilotembea. Gari linaloendeshwa barabarani na watu ndani lina wajibu mwingine. Raba halisi iliyogeuka ngumu haifanyi tena kazi ambayo mtengenezaji aliikusudia, kwa hiyo kuing'ang'ania ni kuhifadhi umbo na kupoteza kusudi.

Mabadiliko yanaweza kuanzia kwa wale ambao neno lao linasikika. Nairobi ina mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970. Majaji wa mashindano ya namna hiyo wakiupa uzito mkubwa mtihani wa noti na hali ya matundu ya milango, washindani watabadilisha bajeti zao mwaka unaofuata. Vyama vya wenye magari ya kale vinaweza kuagiza raba kwa pamoja na kugawana gharama za usafirishaji. Vyuo vya ufundi vya VETA kwa upande wa Tanzania, na vyuo vya ufundi vya Kenya, vina wanafunzi wa ufundi bodi wanaostahili kufundishwa kupima pengo la mlango kwa umakini uleule wanaofundishwa kuchomelea.

Mwenye gari naye asisubiri. Anapokubaliana na gereji, bei ya raba za milango, za mlango wa nyuma na za taa iandikwe juu ya bei ya rangi, pamoja na kusafisha matundu na kurudisha vizibo vyote vya sakafu. Gari lisiingie chumba cha rangi kabla ya raba hizo kufika, kujaribiwa kwenye bodi tupu na kukubaliwa na pande zote mbili.