Bugwema Hakuna Baridi

Kila baada ya miezi michache kijana fulani wa Mara hunitumia hesabu ileile kwa WhatsApp. Grinihausi moja ya mita 8 kwa 15. Miche kadhaa ndani yake, kila mche kilo kadhaa. Zidisha kwa bei ya Dar es Salaam, toa gharama, na kinachobaki kinaupita mshahara wa mwalimu wa sekondari. Chini ya hesabu pana picha: saladi za kijani kibichi zimepangwa mistari ndani ya handaki la plastiki, na nje ya handaki kuna theluji.

Nataka tuizungumzie hiyo theluji, kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kitu kilichomo kwenye picha.

Mimi nalima bustani Bugwema, bonde lililo kati ya Musoma na Bunda. Msimamo wangu ni huu: kwa mkulima mdogo wa hapa, grinihausi ya plastiki ni dawa ya ugonjwa tusioumwa. Anayewashawishi vijana wakope kwa ajili yake anawauzia deni lililofungwa ndani ya nailoni.

Tuwape haki wenye picha yao kwanza. Kuna wakulima wa nchi za baridi wanaovuna saladi mwezi Januari ndani ya mahandaki yasiyo na hita hata moja. Anayejulikana zaidi ni Eliot Coleman wa jimbo la Maine, Marekani, kwenye nyuzi 44 hivi kaskazini mwa ikweta. Mwezi Desemba kwake jua huonekana kwa saa zisizofika 9 kwa siku, na mwanga ukishapungua chini ya saa 10 mboga karibu huacha kukua. Kwa hiyo anapanda mapema, majira ya joto yakielekea kuisha, ili giza likifika saladi iwe imeshakomaa. Tangu hapo handaki linafanya kazi ya ghala: linaizuia isiunguzwe na upepo na barafu, naye anachuma kidogo kidogo mpaka baridi iishe. Kabla yake wakulima wa bustani wa Paris katika karne ya 19 walifunika saladi kwa vioo na kupasha udongo kwa samadi mbichi ya farasi, kwa kuwa farasi walijaa mjini na samadi yao ilikuwa tele.

Watu hao walijiuliza swali moja: mahali petu panakosa nini? Walikosa joto na mwanga, wakatafuta namna ya kuvilinda vile vichache walivyokuwa navyo. Sisi tumechukua plastiki yao, swali tumewaachia.

Tujiulize sasa. Bugwema iko nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku yetu ndefu kabisa na fupi kabisa haifiki robo saa. Mchana joto huzunguka nyuzi 28, na usiku ni nadra kushuka chini ya 15. Saladi hupenda nyuzi 15 hadi 20. Mbegu yake ikikutana na udongo wenye joto linalokaribia nyuzi 30 hujilalia tu, haioti, na mkulima anamlaumu muuza pembejeo. Ikiota na kukua katika joto, majani yanakuwa machungu, shina linarefuka, maua yanatoka kabla hujavuna. Sasa ichukue mboga hiyo, uiingize ndani ya plastiki saa saba mchana mwezi wa nane. Ukitaka kujua inavyojisikia, ingia nayo, ufunge mlango.

Wengine husema, basi weka nyanya. Nyanya inavumilia joto zaidi, ni kweli. Lakini mnyauko wa bakteria ukishaingia kwenye udongo hukaa miaka, na dawa yake kubwa ni kuhamisha zao. Shambani nahamia tuta la pili. Ukiwa na mita za mraba 120 chini ya mabomba ya chuma utahamia wapi? Hizo mita 120 hazifiki asilimia 3 ya eka moja. Na plastiki yenyewe, hata ile nzuri, hudumu miaka mitatu hadi mitano chini ya jua, kisha inachanika na kuanza kupiga makofi kila upepo ukivuma.

Sisemi kitalu nyumba hakina kazi popote. Wakati wa masika paa la plastiki huzuia mvua isipige majani ya nyanya na kueneza ukungu. Neti ya wadudu, ikifungwa vizuri, humzuia kantangaze, yule nondo aliyewaliza wakulima wa nyanya nchi nzima. Mwenye mtaji, maji ya uhakika na soko la uhakika anajua anachofanya. Ninayemzungumzia mimi ni kijana wa miaka 23 ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na ameambiwa atavipata akishajenga.

Kwetu adui anaitwa kiangazi. Kuanzia Juni mvua inatuaga, na vuli haina ahadi. Bustani katika miezi hiyo hunywa kiasi cha lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Eka moja ni lita 20,000, yaani ndoo elfu moja. Robo eka ni ndoo 250, na anayezibeba mara nyingi ni mwanamke. Mama mmoja jirani yangu aliposikia semina ya grinihausi imekuja kijijini aliniuliza, "Mwanangu, hiyo nyumba inachota maji yenyewe?" Sijasikia mtaalamu aliyeuliza swali zuri kuliko hilo.

Na haya yanatokea karibu na Ziwa Victoria, la pili duniani kwa ukubwa kati ya maziwa ya maji baridi. Baridi yetu ndiyo hiyo tu, nayo tunaitazama kwa mbali. Habari ya kulimwagilia bonde la Bugwema wazee wanaisimulia tangu enzi za Mwalimu, ambaye kwao Butiama si mbali na hapa. Tangu 2013 tuna Sheria ya Umwagiliaji na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Mfereji ukifika shambani, kijana wa Bugwema hatahitaji kuelezwa fursa ni nini.

Wakati tunausubiri, saladi nailima. Nalowesha mbegu na kuziweka kwenye kitambaa kibichi kando ya mtungi mpaka zichipue. Napandikiza jioni. Juu nafunga neti ya kivuli kwenye miti ya kawaida, pembeni wazi ili upepo upite, na chini natandaza nyasi. Soko lake ni dogo: hoteli chache za Musoma, na za watalii upande wa Bunda kuelekea lango la Ndabaka. Kwa hiyo saladi ina matuta manne. Sehemu kubwa ya bustani ni mchicha na mgagani, mimea ambayo kwa maumbile yake hutengeneza chakula vizuri zaidi jua linapokuwa kali, na hutumia maji kwa uangalifu kuliko saladi. Mgagani huanza kuchumwa ndani ya wiki chache, na kwa madini ya chuma na vitamini saladi haiufikii. Hakuna anayeupiga picha kwa ajili ya semina, lakini sokoni hauniletei maneno.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha nzuri. Nataka kamati zinazozitoa ziulize jambo moja kabla ya mengine yote: maji yatatoka wapi? Pampu, bomba, kisima na tangi vitangulie. Mambo ya paa yatafuata. Mtoa semina naye alete daftari la mauzo la mkulima wa ukanda huu huu, la misimu mitatu mfululizo, hasara ikiwemo.

Nawe uliyetumiwa ile hesabu, usisaini bado. Mita 120 zinataka lita 600 kwa siku, ambazo ni ndoo 30. Zichote wiki moja, asubuhi na jioni, Jumapili pia, uzimwage kwenye ardhi tupu pale unapotaka kujenga. Ukimaliza wiki na bado unaitaka grinihausi, njoo tuongee. Nadhani utakuwa unataka pampu.