Kwanzaa: Tucheke, Lakini Tujicheke Kwanza

Waungwana wa Silver Spring, Alexandria na kote tulikotawanyika hapa Washington, kila Desemba 26 mchezo wetu ni uleule. Mmarekani Mweusi anatusalimu "Habari gani?", sisi tunajibu "Nzuri". Kumbe alitarajia "Umoja", jibu la siku ya kwanza ya Kwanzaa. Tukirudi nyumbani ni vicheko. Eti hindi moja wanaliita "muhindi", kama mtu wa Bombay! Eti Kwanzaa ina "a" ya ziada! Eti wametuharibia lugha.

Nauliza: nani kaharibu nini?

Maulana Karenga aliianzisha Kwanzaa huko California mwaka 1966, kabla hata ya Azimio la Arusha la 1967. Kati ya nguzo zake saba imo Ujamaa, kwa maana ya watu weusi kujenga maduka yao na kufaidika pamoja. Mtanzania wa rika langu akisikia neno hilo anakumbuka Operesheni Vijiji, watu wakihamishwa kwa nguvu. Na mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikayaondoa masharti ya uongozi ya Azimio. Sisi tuliuzika ujamaa. Wao kila mwaka, siku ya nne, wanauwashia mshumaa.

Na mkeka je? Wao wanautandika kama ishara ya mila. Bongo siku hizi "mkeka" ni orodha ya walioteuliwa na Rais, au tiketi ya kubeti; ukichanika, hela imeliwa. Hapo hatusemi lugha imeharibika. Tunasema imekua.

Sisemi makosa yasirekebishwe. Anayejua amwelekeze mwenzake kwa adabu. Lakini anayecheka pembeni hajafundisha kitu.

Kinachoniuma ni hiki. Binti yangu, mzaliwa wa Maryland, hawezi kuhesabu hadi kumi kwa Kiswahili. Mtoto wa jirani, ambaye kwao hakuna aliyewahi kukanyaga Dar es Salaam, anazitaja nguzo zote saba bila kusita. Mwaka jana alimuuliza binti yangu, "nia" kwenu hasa maana yake nini? Binti akanigeukia mimi. Nikaona aibu.

Desemba hii nitakwenda kwa jirani. Nitajibu "Umoja". Nitamwambia sisi husema "hindi". Na binti yangu atakaa katikati yetu, asikie.