Programu huria: anayesema ndiyo awe amejaribu kwanza

Kila mwezi, takwimu za malaria, chanjo na uzazi kutoka maeneo ya afya ya Kongo huingizwa katika programu moja, DHIS2, inayotumiwa na Wizara ya Afya katika mfumo wake wa taarifa. Programu hiyo inasimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, na haiuzwi. Ni programu huria: msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. KoboToolbox, ambayo mashirika ya misaada huitumia kukusanya habari za wahamaji wa vita na mahitaji yao, ni ya aina hiyo pia. Hata simu za Android zilizojaa katika masoko ya Bukavu na Goma, kiini chake ni Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991.

Basi ni nani anayesema kwamba toleo jipya la programu kama hizi liko tayari? Swali hili si la mafundi peke yao. Toleo likitoka na kosa, takwimu za hospitali zinaweza kupotea, na siri za wagonjwa zinaweza kufika mikononi mwa wezi.

Wengi hudhani kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe. Si kweli. Shirika la Apache, lililoundwa Marekani mwaka 1999, lina sheria inayoeleweka kwa urahisi. Toleo halitoki bila kura tatu za ndiyo kutoka kwa wajumbe wa kamati ya mradi, na kura za ndiyo lazima zipite za hapana. Kwa kawaida kura hukaa wazi kwa saa 72 au zaidi, kwa sababu wapigaji wako pembe zote za dunia, na wengi wao hujitolea baada ya kazi zao. Mtu mmoja hawezi kulizuia toleo peke yake, lakini akieleza kosa aliloliona, wenzake wanasikiliza.

Jambo kubwa zaidi ni hili: kabla ya kusema ndiyo, mjumbe anatakiwa kupakua toleo katika kompyuta yake mwenyewe, kuhakiki sahihi yake ya kidijitali, kulijenga kutoka kwenye msimbo na kulijaribu. Kunyoosha mkono kwa sababu jirani amenyoosha hakukubaliwi. Ni vyumba vingapi vya mikutano katika nchi hii ambamo kanuni hiyo ingefaa?

Hata hivyo, kura si kinga ya kila ugonjwa. Mwezi wa Desemba 2021, dunia iligundua kwamba Log4j, kifaa cha Apache kilichomo ndani ya programu nyingi za makampuni na serikali, kilikuwa na tundu la kumruhusu mtu wa mbali kuitawala kompyuta ya mwenzake. Kosa hilo lilikuwa limeingia tangu mwaka 2013, na matoleo mengi yalipita bila yeyote kuliona. Lakini lilipojulikana, mafundi wa kujitolea walitoa marekebisho manne mwezi huohuo, kila moja likiziba kilichobaki wazi katika lililotangulia. Na kila aliyetaka kujua kilichobadilishwa aliweza kusoma mwenyewe.

Kisa cha pili kinatisha zaidi. Programu ndogo ya kubana mafaili, iitwayo xz, ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja aliyekuwa amechoka. Akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan. Kwa zaidi ya miaka miwili alifanya kazi nzuri, na katika muda huo akaaminiwa na kupewa uwezo wa kutoa matoleo. Mwaka 2024 alitoa matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yenye mlango wa siri. Sehemu ya mtego haikuwemo katika msimbo uliowekwa wazi. Ilikuwa ndani ya kifurushi cha kupakua tu. Mhandisi Andres Freund ndiye aliyeugundua. Aliona kuingia katika seva yake kunachelewa kama nusu sekunde, akajiuliza kwa nini, akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza hadharani. Mlango huo ulikuwa bado haujafika katika matoleo imara ya Debian wala ya mifumo mingine mikubwa ya Linux.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Xz haikukosa akili, ilikosa watu. Pale penye mtu mmoja hapana kura, na mchovu humshukuru yeyote anayejitolea kubeba mzigo. Na kilichookoa hali ni swali: kwa nini imechelewa?

Ndiyo maana kazi ya kujibu maswali isidharauliwe. Katika jamii hizi, anayeuliza hutaja toleo analotumia, alichofanya na alichopata. Jibu hubaki wazi ili wa kesho alikute. Swali likirudiwa mara kumi, ni dalili kwamba maelezo ni mabaya au programu ina kosa. Lakini anayejibu mara nyingi halipwi, huku taasisi tajiri zikidai msaada kwa ukali kana kwamba zimemuajiri.

Kongo iko upande gani? Kwa sehemu kubwa, upande wa kupokea. Tunasubiri toleo litoke, halafu tunalalamika kwamba halivumilii intaneti dhaifu na umeme unaokatika. Matata hayo yangeonekana mapema kama matoleo ya majaribio yangepimwa Beni, Uvira au Kalemie kabla ya kuidhinishwa. Fundi wa Ulaya mwenye intaneti ya kasi hawezi kuyaona kwa ajili yetu.

Wizara na mashirika yanayotumia programu hizi yawape mafundi wao saa chache kila juma, saa za kulipwa, za kujaribu matoleo na kuripoti makosa. Vyuo vikuu vya Kisangani, Bukavu, Goma na Lubumbashi vihesabu kazi hiyo kama sehemu ya masomo ya informatiki. Na wanaojua wajibu maswali kwa Kiswahili na Kifaransa, ili muuguzi wa kijijini asikwame kwa sababu ya lugha.

Programu huria haiombi pesa mlangoni, lakini inahitaji macho. Asiyetoa macho yake anategemea kwamba mtu mwingine, mahali pengine, atashangaa nusu sekunde kwa wakati.