Kuchora Umati wa Njiani kwa Rangi za Mafuta

Wako walimu wa uchoraji wafundishao kwamba picha ya njia ya mji, ikichorwa kwa rangi za mafuta, haikamiliki mpaka kila mpita njia apewe pua, macho na vifungo vya koti. Kwa sababu hiyo vijana huacha kuitazama njia yenyewe wakainakili picha ya kamera. Fundisho hili ni baya, na sioni haya kulipinga.

Wanaolitetea huifanya kamera shahidi wao. Basi na tumsikilize shahidi. Katika mwaka 1838 Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, mjini Paris. Kwa kuwa sahani yake ilihitaji mwanga wa dakika kadhaa, waliokuwa wakienda wote walitoweka. Alisalia mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Majumba yamo hata madirisha. Shughuli ya njia haimo.

Monet alipochora Boulevard des Capucines, kati ya mwaka 1873 na 1874, aliitazama kutoka chumba cha Nadar, naye Nadar (ajabu iliyoje!) alikuwa mpiga picha. Watu wa Monet ni alama nyeusi za brashi, nao wanatembea. Louis Leroy aliwadhihaki katika gazeti la Le Charivari mwaka 1874. Dhihaka ile ndiyo inayosomeshwa leo kana kwamba ni elimu.

Pissarro naye, mwaka 1897, hali ana maradhi ya jicho, alichora Boulevard Montmartre kutoka dirisha la hoteli mara 14: asubuhi, mvuani, ukunguni, usiku. Rangi ya mafuta ilimfaa kwa kuwa haikauki upesi. Nyeupe huwekwa juu ya kijivu kingali kibichi, zikaingiliana kama taa na njia iliyolowa. Mchora vifungo hana budi angoje ikauke, na akingoja, mvua imekwisha.

Yamkini nitaambiwa kuwa nautetea uvivu. La. Alama moja ya kumsimamisha mwanamke aliyeshika mtoto mkono hudai jicho kali kuliko pua kumi. Ikikosewa, mwanamke huanguka. Nakubali kwamba Caillebotte, katika picha yake ya njia ya Paris siku ya mvua, ya mwaka 1877, alizikamilisha nyuso. Lakini yeye alisimama chini, na watu wake wa mbele walikuwa hatua chache tu mbele yake. Wanaodai nyuso kutoka ghorofani, na wapande wenyewe dirishani wakavihesabu vifungo.